Mwekundu kwa Mwekundu

Mzee Ambrose Tandy alikuwa na somo moja alilompa kila mfanyakazi mpya wa shamba la Stonelick, na alilitoa siku ya kwanza kabla mtu hajaonyeshwa hata choo kiko wapi.

"Farasi mwekundu ukimpandisha kwa mwekundu," alisema, "anazaliwa mwekundu. Siku zote, hata Krismasi. Ukiona mwekundu na mwekundu wamezaa wa kahawia, usihangaike kumwita daktari. Mtafute mwongo, yuko hapo hapo shambani."

Thurman Gaines alilisikia somo hilo akiwa na miaka tisa, kwa sababu Ambrose ni mjomba wake na ndiye aliyemlea. Alilisikia tena akiwa na kumi na sita, alipoajiriwa. Sasa ana thelathini na moja, na kwa miezi kumi na moja halijamtoka kichwani. Akinyoa ndevu limo. Akiwa kanisani limo, tena kanisani ndiyo linapiga kelele zaidi. Mke wake Oleta akimuuliza mbona hali, anasema tumbo.

Mwongo alikuwa yeye.

Ilianza kama mzaha, na mzaha wenyewe haukuwa hata wa maana. Machi ya mwaka uliopita walishushwa kwenye lori majike wawili wageni, waliokuja kupandishwa. Mmoja aliitwa Hazel, mali ya Bi Lavinia Prewitt, mjane wa upande wa Millersburg. Mwingine Corinna, wa tajiri mmoja wa Virginia ambaye hakuna aliyewahi kumwona sura. Wote wawili wekundu. Wote wana nyota nyeupe kwenye paji la uso. Na kwa matope ya Machi ile, yaliyowapanda mpaka magotini, hata mama zao wasingejua nani ni nani. Kilichowatenganisha ni hatamu. Kila mmoja alivaa hatamu ya ngozi yenye kibati cha shaba shavuni, na jina limechongwa: HAZEL, CORINNA. Shamba linalopokea majike mia kwa msimu, watu hawasomi farasi. Wanasoma kibati.

Hazel aliletwa kwa Shemasi, dume mwekundu ambaye Kentucky nzima ilimpangia foleni. Corinna aliletwa kwa Ndoo ya Lami, dume wa kahawia mwenye singa nyeusi na roho nyeusi zaidi, aliyekwisha kumnyofoa mtu kidole.

Sasa kulikuwa na Delbert Quarles. Delbert alifanya kazi zizi moja na Thurman, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Mimi kibati nakisoma cha nini?" alisema asubuhi ile, mguu juu ya ndoo. "Nyie someni, si mmeenda shule. Mimi farasi nikimwona matako mara moja tu, nimemaliza. Hata miaka kumi ipite, nitamwita jina."

"Hawa wawili je?" Thurman akauliza.

"Hawa nimeshawaweka kichwani tangu lori halijazimwa."

"Tuwekeane dau. Ukikosea, Jumapili unaimba peke yako mbele ya kanisa."

"Na nikipatia?"

"Naimba mimi."

"Basi waonee huruma waumini," Delbert akasema.

Saa tano asubuhi Thurman akaingia zizini, akavua hatamu ya Hazel akamvisha Corinna, na ya Corinna akamvisha Hazel. Dakika mbili, na kucheka pembeni. Mpango ulikuwa hivi: saa nane mchana Delbert ndiye atakayekuja kumchukua Hazel, atasoma kibati kwa kuibia kama ambavyo siku zote anasoma kwa kuibia, atamtoa asiye Hazel, na Thurman atamsimamisha mlangoni mbele ya watu wote. Halafu hatamu zirudi kwa wenyewe. Halafu Jumapili.

Saa sita kasorobo mtu wa kupigilia vyuma vya kwato akamwita Thurman amshikie farasi mkorofi kule upande wa pili wa shamba. Saa sita daktari wa mifugo akapita mapema, akasema majike wote wawili wako tayari na haifai kungoja mchana. Delbert alikuwa ametumwa mjini na lori. Kwa hiyo mzee Ambrose, msimamizi wa madume, akaenda mwenyewe kuwachukua.

Thurman aliporudi saa saba kasoro, akichezea wimbo wa Delbert kinywani, akamkuta mjomba wake amesimama mlangoni mwa banda la kupandishia na jike mkononi. Mzee alikuwa ameweka kidole gumba juu ya kibati, anakipapasa polepole, kama mtu anayefuta vumbi.

"Hazel huyu," mzee akasema. "Shemasi amemaliza naye, safi kabisa. Na Corinna amemaliza na Ndoo. Siku nzuri."

Jike aliyemshika alikuwa Corinna.

Thurman alifungua mdomo. Hilo analikumbuka vizuri, kwamba alifungua, na hewa baridi ikaingia mpaka kwenye meno.

"Mbona umetoa macho?" mzee akauliza.

"Nimekimbia, mjomba."

"Umekimbilia nini? Miaka arobaini napandisha hapa, sijawahi kukosea hata mmoja. Nenda ukale."

Akaenda. Hakula. Saa kumi jioni, majike walipopelekwa malishoni, aliruka uzio akawabadilisha hatamu tena, kila jike na jina lake. Delbert akatokea nyuma yake.

"Kulikoni? Mashindano yetu?"

"Tumeyafuta."

"Umeogopa kuimba."

"Nimeogopa kuimba," Thurman akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake ya mwisho ya kweli kwa muda mrefu.

*

Kosa lingekuwa kwa ng'ombe, au punda, lingeishia hapo. Lakini farasi wa mbio, wa damu safi, ana Kitabu. Kila mmoja ameandikwa mama na baba, na baba wa baba, miaka mia mbili na zaidi, mpaka wale madume watatu wa Mashariki waliopelekwa Uingereza zamani. Asiyeandikwa humo ni farasi wa kuvuta mkokoteni hata akikimbia kama risasi. Na aliyeandikwa vibaya ni uongo wenye miguu minne, unaozaa.

Mzee Ambrose alikiheshimu Kitabu kuliko baadhi ya wachungaji wanavyoheshimu cha kwao, na alikuwa na sababu. Babu yake alikuwa mtumwa hapo hapo Stonelick. Ndiye aliyeshika madume wakati wa kupandishwa, na hakujua kusoma. Alikuwa akimtajia bwana mkubwa jike gani kwa dume gani, mtoto rangi gani, na bwana anaandika.

"Babu mwenyewe ameandikwa kwenye daftari la shamba kati ya nyumbu na majembe," mzee alipenda kusema. "Jina moja tu. Baba yake hakuna. Lakini farasi wote wa miaka ile walitoka mdomoni mwake. Angetaka kumwandikisha punda humo, angeandikwa. Hakumwandikisha. Ndiyo maana mimi nasimama pale mlangoni mwenyewe."

Kila mwisho wa msimu, karatasi zilikwenda ofisi ya Kitabu kule New York na sahihi ya Ambrose Tandy chini. Mwaka ule zilikwenda na sahihi yake kama kawaida: Hazel, kwa Shemasi.

Thurman alikuwa na tumaini moja, kwamba Hazel hakushika mimba. Siku ya ishirini na moja wakamleta Mchumba. Huyu Mchumba ni dume mdogo asiye na ukoo wowote, kazi yake kupitishwa mbele ya majike kuona nani bado anataka dume. Akishasisimka anarudishwa zizini, hapati kitu, na kesho tena. Watu walimhurumia Mchumba kuliko walivyohurumiana. Jike mwenye mimba hamtaki kabisa.

Thurman akamshika Hazel akiomba kimoyomoyo: mpende, mama, mpende huyu maskini. Hazel akalaza masikio, akageuka, akampiga Mchumba teke la kifua likasikika mpaka barabarani.

"Hiyo mimba," mzee Ambrose akasema, akitabasamu. "Hiyo sikuhitaji hata kuiona."

Toka siku hiyo Thurman akaanza kuhesabu watoto wa Ndoo. Alitembea mashamba ya jirani siku za mapumziko akijifanya anasalimia watu. Ndoo alikuwa amezaa na majike wekundu mara sita. Wanne walitoka wa kahawia kama baba yao. Wawili wekundu. Wawili kati ya sita. Alilala na hesabu hiyo na kuamka nayo. Mtoto wa Hazel akitoka mwekundu, uongo umekwisha kuzikwa, hakuna binadamu atakayejua. Akitoka wa kahawia, mwekundu na mwekundu wamezaa wa kahawia, na New York hawahitaji daktari. Watatafuta mwongo, na mwongo ataonekana kwenye sahihi: Ambrose Tandy.

Mtoto wa Corinna hakumtisha. Mama mwekundu, baba karatasini wa kahawia. Huyo rangi yoyote ingepita. Corinna alirudi Virginia na siri yake tumboni.

Hazel hakurudi. Kwa Bi Lavinia hapakuwa tena na mtu wa kumtunza tangu mume afariki, kwa hiyo alibaki Stonelick, na tumbo likawa linakua mbele ya macho ya Thurman kila siku ya Mungu. Angeweza kusema. Kila asubuhi angeweza. Lakini nyumba aliyolala na Oleta ilikuwa ya shamba. Mjomba alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Na mtu mweusi aliyechafua karatasi za farasi wa wazungu, Kentucky, haulizwi alikuwa anatania au vipi. Kila siku aliyonyamaza ilifanya ya kesho iwe nzito zaidi.

Delbert aliona kitu, ila alikiona vibaya. "Huyu jike umemwoa?" alimuuliza Januari. "Usiku uko zizini, mchana uko zizini. Oleta anajua ana mke mwenzake?"

"Namwangalia tu."

"Unamwangalia kama anakudai."

Na kulikuwa na jambo jingine, dogo dogo, ambalo Thurman alikuwa akiliona bila kuliona. Mzee Ambrose aliacha kuendesha lori, alisema mgongo. Gazeti alimpa Thurman amsomee. Alisema Thurman ana sauti nzuri. Kadi za kuandikisha watoto wa farasi wanaozaliwa akamwachia Thurman aandike yeye. Alisema mwandiko wake umenyooka. Na kila farasi mgeni, alimshika kwanza shavu, kidole gumba juu ya kibati, anapapasa.

*

Februari tarehe tatu barafu ilishika kila kitu. Mvua ilinyesha usiku ikaganda juu ya uzio, juu ya nyasi, juu ya nyaya za umeme mpaka zikakatika. Bi Lavinia Prewitt alikuwa amekuja juzi yake kumwona farasi wake, akafungiwa na barafu nyumba ya wageni. Saa nne asubuhi alishuka zizini na buti za marehemu mume wake, zikimpwaya, ameshika birika la kahawa kwa mikono miwili.

"Mmesema wanazaa usiku," akasema. "Nimekesha nimevaa nguo zote."

"Wanazaa usiku, Bi Lavinia," mzee Ambrose akajibu. "Hata huyu atangoja jua lizame. Wanapenda faragha."

Hazel alikuwa amelala. Akaguna, na maji yakamwagika.

"Labda huyu hajaambiwa," Bi Lavinia akasema.

Madirisha ya zizi yalikuwa yamezibwa kwa mbao kuzuia baridi, umeme hakuna, na taa ya mafuta moja ndiyo iliyoning'inia mlangoni. Delbert alikuwa nje anavunja barafu kwenye njia kwa sululu. Kila pigo lilimwingia Thurman mbavuni. Alipiga magoti nyuma ya jike. Akapanga majani makavu chini ya mkia, akayapangua, akayapanga tena.

"Umeanza lini kuogopa kuzalisha?" mjomba akamnong'oneza. "Tulia. Atakuharibia kwa woga wako."

Ukatokea mguu. Mguu wa pili. Pua juu ya magoti, kama inavyotakiwa. Hazel akasukuma mara tatu na mtoto wote akateleza nje na mfuko wake, ukifuka mvuke kwenye baridi. Thurman akaupasua mfuko, akafuta pua. Mtoto akapiga chafya. Dume.

Watoto wa farasi wakiwa wamelowa, wote ni weusi. Wekundu, wa kahawia, wote wanafanana kama vitambaa vya kudekia. Na miguu haisemi kitu, maana hata wa kahawia huzaliwa na miguu iliyopauka. Hilo nalo alifundishwa na mjomba: usiangalie miguu, angalia ncha za masikio na mizizi ya singa. Masikio ya mwekundu ni mekundu mpaka mwisho. Masikio ya wa kahawia yana ukingo mweusi, kama yamechorwa kwa makaa.

Thurman akachukua taulo, akaanza kumkausha mtoto miguu ya nyuma. Akaikausha sana. Akaenda kiunoni, akazunguka tumbo, akarudi tena miguuni. Angeweza kuikausha mpaka Aprili.

"Mzuri jamani," Bi Lavinia alikuwa akisema mlangoni. "Yuko mzima? Ana kila kitu?"

"Ana kila kitu, mama," mzee akasema. "Thurman, mkaushe kichwa. Masikio yatapata baridi."

Akapanda shingoni. Akashika sikio la kushoto kwa taulo, akalisugua huku amefumba macho kama mtoto anayenyweshwa dawa. Kisha akafumbua.

Ukingo mweusi. Mwembamba, safi, umezunguka sikio lote. Akashika la pili, maana kichwa kilitaka kubishana. La pili lilikuwa jeusi kuliko la kwanza. Singa zilizoanza kukauka zilikuwa nyeusi kutoka kwenye ngozi.

Taulo likamwanguka. Akangoja. Mjomba alikuwa amechuchumaa hatua moja kutoka kwake, uso umeelekea pale pale kwa mtoto, taa nyuma yake. Alikuwa hawezi kukosa kuuona ukingo ule. Thurman akangoja uso ule ubadilike.

Uso haukubadilika. Mzee alikuwa anatabasamu, anatazama kidogo pembeni ya mtoto, kwenye majani matupu.

"Basi taja," akasema. "Rangi gani?"

Thurman akamwangalia. Akaangalia macho yake, na kwa mara ya kwanza akayaona kweli: yana ukungu, kama kioo cha dirisha jikoni. Lori likamjia akilini. Gazeti. Kadi. Kidole gumba juu ya shaba, kinasoma HAZEL kwa kupapasa herufi. Mjomba alikuwa hajaangalia jike yule siku ile, kwa sababu hakuwa na cha kuangalia nacho. Alikuwa anakiamini kibati tu, kwa vile vibati vya Stonelick havijawahi kusema uongo.

"Thurman. Rangi."

Bi Lavinia alisogeza birika kwapani. Yeye alifundisha piano maisha yake yote. Farasi walikuwa mambo ya mume. Mbele yake kulikuwa na mtoto wa farasi, basi. Hakuna aliyejua kitu. Ilitosha neno moja. Mwekundu. Angeliandika mwenyewe kwenye kadi kwa mwandiko wake ulionyooka, na mtoto angekaa hivyo miezi, watoto si hubadilika rangi wakikua, na katika miezi hiyo huenda mjomba angestaafu kwa heshima zake, huenda mtoto angekufa kwa kuhara kama wanavyokufa wengi, huenda. Neno lilikuwa tayari limekaa kwenye ulimi, tamu, jepesi kabisa.

Nje sululu ya Delbert ikanyamaza.

"Wa kahawia, mjomba."

Tabasamu likabaki mahali pake sekunde moja zaidi, halijaambiwa.

"Angalia tena."

"Nimeangalia yote mawili. Ukingo mweusi. Singa nyeusi."

Mzee Ambrose akanyoosha mkono, akampapasa mtoto pua, shavu, akafika sikioni akalishika kati ya vidole viwili. Akalisugua taratibu, kama vile rangi nayo ina herufi. Akakaa chini, kwenye majani yaliyolowa, na mtu yule hakuwahi kukaa chini zizini maisha yake yote.

"Basi ni mimi," akasema polepole. "Ni macho. Nilijua yatanifanyia hivi. Nilisema nifike tu mwisho wa msimu, nifike msimu mwingine. Nimempeleka kwa Ndoo kwa mikono yangu." Akageuka upande wa mlangoni, si pale hasa Bi Lavinia alipokuwa amesimama, karibu na hapo. "Mama, nimekuharibia. Mimi ni kipofu na sikumwambia mtu."

"Kuharibu nini?" Bi Lavinia akauliza. "Sielewi. Ambrose, huoni?"

Thurman alijiona akiwa juu ya dari, anawatazama watu watatu na farasi wawili. Njia ya pili ya kutokea ilikuwa imefunguka. Hakuna hata haja ya kudanganya tena. Mzee amejibebesha lawama mwenyewe, kwa hiari, mbele ya shahidi. Ilibaki kunyamaza tu, na kunyamaza alishakuwa fundi. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote ya miezi kumi na moja: jinsi kulivyokuwa rahisi.

"Si macho, mjomba," akasema.

"Nyamaza, Thurman."

"Nilibadilisha hatamu. Mimi. Hazel na Corinna, saa tano asubuhi, kumtania Delbert. Nikaitwa kwa mtu wa kwato. Nilivyorudi ulikuwa umeshamaliza. Kibati ulichokisoma kilikuwa sawasawa. Kilikuwa kwenye farasi asiye wake."

Alisema yote kwa mkupuo, akiangalia majani. Alipomaliza, Hazel alikuwa akimlamba mtoto.

"Kumtania Delbert," mzee akarudia.

"Aimbe kanisani."

Thurman alitamani apigwe. Alikuwa amejiandaa kwa hilo.

Bi Lavinia ndiye aliyeongea. "Kwa hiyo huyu si wa Shemasi."

"Si wake, Bi Lavinia. Wa Ndoo ya Lami. Wa Shemasi yuko Virginia, tumboni kwa farasi mwingine, na wenyewe hawajui."

"Mume wangu alimsubiri Shemasi miaka mitatu. Barua ya kukubaliwa ilifika wiki ambayo alikuwa hawezi tena kukaa kitandani. Nilimsomea."

"Najua, Bi Lavinia."

"Hujui," akasema, bila ukali. Akaweka birika chini. Mtoto alikuwa anajaribu kusimama. Miguu minne ikaenda pande nne, akaanguka kifudifudi, akajaribu tena. Bi Lavinia akamtazama mpaka aliposimama mara ya nne, akitetemeka mwili mzima, masikio yake yenye ukingo mweusi yamesimama wima. "Nitaondoka hapa kabla sijasema neno la kujutia," akasema. "Mwambieni meneja wenu leo. Si kesho. Asiposikia kwenu atasikia kwangu." Buti za marehemu zikaondoka zikiburuta kwenye ujia.

Walibaki wawili.

"Lete kadi," mzee akasema.

Thurman akaitoa mfukoni pamoja na penseli. Ilikuwa imeshajazwa nusu tangu Januari: Mama, Hazel. Baba, Shemasi.

"Umeandika nini kwenye baba?"

Akamwambia.

"Futa."

Akafuta. Kifutio cha penseli kilikuwa kimeisha, akachana karatasi kidogo.

"Andika uliyosema."

Akaandika. Baba, Ndoo ya Lami. Rangi, kahawia. Herufi zilitoka zimepinda; mwandiko wote ulionyooka ulikuwa umekwisha.

"Babu yangu alikuwa anasema, mwingine anaandika," mzee akasema. "Mimi nilisema kwa kidole. Wewe ulinyamaza kwa mdomo mzima. Sijui nani mbaya zaidi, na sitaki kukufikiria sasa hivi. Nisimamishe."

Wakatoka. Mwanga wa barafu uliumiza macho ya Thurman. Mzee hakufumba hata kidogo. Delbert alikuwa ameegemea sululu njiani.

"Vipi, dume au jike? Na mbona sura hizo? Amekufa?"

"Mzima," Thurman akasema.

"Sasa?"

"Nitakuimbia baadaye."

Delbert akataka kucheka, akaona mkono wa mzee Ambrose umeshika bega la Thurman kwa nguvu, na miguu ya mzee inavyotafuta njia, akaacha. Akasogea pembeni, akavua kofia, bila kujua anaivulia nini.

Nyumba ya meneja ilikuwa juu ya kilima, na moshi ulikuwa unatoka, kwa hiyo alikuwepo. Njiani, pale Thurman alipoteleza mzee alimshikilia, na alipoteleza yeye Thurman akamshikilia. Kila fito ya uzio waliyopita Thurman aliihesabu, akitamani ziongezeke. Alifikiria nyumba yake, masanduku ya Oleta, mahali pa kuanzia kufunga. Alifikiria lile jina kwenye daftari, kati ya nyumbu na majembe.

"Ngazi ngapi?" mzee akauliza.

"Tatu."

"Nianzie wapi?"

"Hapa. Inua mguu."

Wakapanda. Kwenye mlango mkubwa mweupe mzee akajinyoosha, akafunga kifungo cha juu cha koti kwa kupapasa.

"Anza na yako," akasema. "Yangu ni fupi."

Thurman akainua mkono kugonga. Kabla haujafika, ndani, viatu vilisikika vinakuja. Akagonga hivyo hivyo, asije mtu akasema walifunguliwa bila kuomba.